MikroRNA: herufi 22 zinazodhibiti jeni, na kwa nini ni rahisi kuzielewa vibaya

Ukitenganisha RNA za seli kwenye jeli kwa umeme, zile ndefu hubaki nyuma na zile fupi hukimbia mbele. Kwa miaka mingi jeli hizo zilipangwa kwa ajili ya RNA zenye urefu wa mamia au maelfu ya herufi. Chochote chenye herufi ishirini na kitu kilipita hadi chini kabisa na kupotelea kwenye bafa, yaani majimaji yanayoizunguka jeli, au kilionekana kama utando hafifu ambao watu waliuchukulia kuwa mabaki ya RNA iliyokatikakatika. MikroRNA zilikuwa humo humo. Wala hazikuwa adimu: seli moja ya ini hubeba makumi ya maelfu ya nakala za mikroRNA moja tu, miR-122. Zilipitwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta jeni ndogo kiasi hicho, hadi mnyoo mmoja wa udongoni alipoleta kitendawili ambacho hakikuwa na jibu lingine.

Kwanza tupitie kwa haraka mambo ya msingi. Jeni iliyo kwenye DNA hunakiliwa kuwa RNA ya ujumbe, mRNA, na ribosomu huisoma mRNA hiyo na kutengeneza protini. Herufi za RNA ni nne, A, C, G na U; A huungana na U, G huungana na C. Ukiitazama mRNA iliyokamilika toka mwanzo hadi mwisho, utakuta kofia ya kikemia, kipande kifupi kisichotafsiriwa, maelekezo yenyewe ya protini, kipande kingine kisichotafsiriwa ambacho kwa binadamu kina wastani wa herufi elfu moja hivi, na mwishoni mkia mrefu wa A tupu. Kile kipande kilicho kati ya maelekezo na mkia tutakiita hapa kipande cha nyuma. Karibu kila kitu tutakachoeleza kinatokea hapo.

Mnyoo anayerudia uchanga

Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita 1. Mnyoo mzima mwenye jinsia zote mbili ana seli za mwili 959, si zaidi wala pungufu, na kwa kuwa mwili wake hupitisha mwanga, watafiti waliweza kufuatilia kwa hadubini kila seli tangu yai hadi utu uzima. Sydney Brenner ndiye aliyemfanya kuwa kiumbe wa maabara huko Cambridge, Uingereza. John Sulston na Robert Horvitz walikuwa miongoni mwa waliochora nasaba ya seli zake. Mnyoo huyu hupitia hatua nne za uchanga, L1 hadi L4, na kila hatua ina migawanyiko yake maalumu ya seli. Bila ramani ile ugunduzi huu usingewezekana, kwa maana ndiyo iliyoonyesha, seli kwa seli, pale ambapo mnyoo amekosea saa.

Mnyoo aliyepoteza jeni ya lin-4 hurudia migawanyiko ya L1 tena na tena. Mwili unakuwa mkubwa, lakini tundu la kutagia halijengwi, na mayai huanguliwa ndani ya mama. Aliyepoteza jeni ya lin-14 hufanya kinyume chake: huruka kazi za L1 na kuanza za baadaye kabla ya wakati. Kuna na wa tatu, ambaye lin-14 yake imebadilika kwa namna inayoizidishia nguvu. Huyo anafanana na asiye na lin-4. Victor Ambros na Gary Ruvkun walikutana na minyoo hawa wakiwa watafiti vijana katika maabara ya Horvitz kwenye chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Jibu la kimantiki lilitoka kwa mnyoo aliyekosa jeni zote mbili kwa pamoja: anafanana na aliyekosa lin-14 peke yake. Kwa hiyo lin-4 kazi yake ni kuizuia lin-14, na kama lin-14 haipo, kizuizi hakina cha kuzuia.

Dhana ya kawaida wakati huo ilikuwa kwamba lin-4 hutengeneza protini, na protini hiyo hukaa juu ya DNA ya lin-14 na kuzuia isinakiliwe. Dhana hiyo ilivunjika kutoka pande mbili tofauti. Ruvkun alihamia Massachusetts General Hospital na kuendelea na lin-14. Yeye na wenzake, wakiwemo Bruce Wightman na Ilho Ha, walikuta kwamba protini ya LIN-14 ni nyingi katika L1 kisha hutoweka, ilhali mRNA yake, kwa vipimo vyao, ilibaki karibu ile ile. Uzuiaji basi ulitokea baada ya jeni kunakiliwa. Tena, wale minyoo ambao lin-14 yao ilizidi nguvu walikuwa wamepoteza sehemu za kipande cha nyuma. Maelekezo ya protini yalikuwa salama. Kilichokosekana ni mahali pa kushikiwa.

Ambros, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alibaki na lin-4, na kazi ya kuitafuta waliifanya hasa Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum. Walikata DNA ya eneo lile vipande vidogo zaidi na zaidi, wakavidunga kwa minyoo wenye kasoro, na kuangalia kipi kinawaponya. Kipande cha herufi 700 hivi kilitosha kuponya. Wakatafuta ndani yake maelekezo ya protini. Waliingiza mabadiliko ambayo yangevuruga usomaji wa protini yoyote, na bado kipande kiliponya. Hapo ndipo walipolazimika kupima RNA yenyewe, wakapata mbili: moja ya herufi 61 na nyingine ya herufi 22.

Juni 11, 1992, maabara hizi mbili zilipeana mifuatano yao, na kila upande ukaona jambo lile lile: zile herufi 22 zinaungana na sehemu saba za kipande cha nyuma cha lin-14. Muungano huo si kamili. Herufi kadhaa zinalingana, kisha panakuja vinundu visivyoungana, kisha zinalingana tena. Inafaa kulitilia mkazo jambo hili, kwa sababu mtu aliyetafuta ulinganifu kamili wa herufi zote 22 asingeona kitu. Makala mbili zilitoka pamoja katika jarida la Cell, Desemba 3, 1993.

Kipengele kimoja cha matokeo yale kilikuja kurekebishwa. Mwaka 2005 vipimo vipya vilionyesha kuwa mRNA ya lin-14 nayo hupungua lin-4 inapofanya kazi. Tutarudi kwenye hilo, maana linahusu namna kizuizi chenyewe kinavyofanya kazi.

Kwa miaka saba lin-4 ilichukuliwa kuwa tabia ya pekee ya mnyoo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikatangaza ya pili, let-7, yenye herufi 21, na miezi michache baadaye ikaonyesha kuwa mfuatano huo huo, herufi kwa herufi, upo kwa binadamu, samaki, nzi na konokono wa baharini. Kitu kilichohifadhiwa hivyo kwa mamia ya mamilioni ya miaka hakiwezi kuwa cha mnyoo peke yake. Oktoba 2001 makundi matatu, ya Thomas Tuschl, David Bartel na Ambros, yalichapisha kwa pamoja makumi ya RNA za aina hii, na jina mikroRNA likaanza kutumika. Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Ambros na Ruvkun mwaka 2024.

Jinsi inavyotengenezwa

Jeni ya mikroRNA hunakiliwa na kimeng'enya kile kile kinachonakili jeni za protini, RNA polimerasi ya pili. Nyingi zimo ndani ya introni za jeni nyingine, yaani vipande vinavyokatwa na kuondolewa kabla mRNA haijakamilika, na baadhi hutoka kwa mafungu: nakala moja ya fungu la miR-17-92 hutoa mikroRNA sita. Nakala hiyo ndefu hujikunja yenyewe na kutengeneza shina la herufi zilizoungana, lenye kitanzi juu.

Mkato wa kwanza hufanyika ndani ya kiini cha seli. Protini DGCR8 hushikilia shina, na kimeng'enya cha Drosha hukata takribani jozi 11 kutoka mahali shina linapoanzia. Kinachobaki ni kipande cha herufi 60 hadi 70, chenye herufi mbili zilizochomoza kwenye ncha moja. Ncha hiyo ndiyo tiketi ya kutoka: protini ya Eksportini-5 huitambua na kukivusha kipande nje ya kiini. Huko nje kimeng'enya cha Daisa hupima herufi 22 hivi kuanzia ncha ile ile na kukata kitanzi. Sasa tuna nyuzi mbili fupi zilizoungana.

Protini ya Agonauti, ambayo binadamu ana aina zake nne, huzipokea nyuzi hizo, hubakisha mmoja na kuutupa mwingine. Unaobaki kwa kawaida ni ule ambao mwanzo wake, yaani upande wa 5', umeungana na mwenzake kwa ulegevu zaidi. Agonauti pamoja na uzi huo mmoja ndiyo mashine kamili.

Kila hatua ina mahali pa kukosewa. Drosha ikiteleza kwa herufi moja tu, mwanzo wa mikroRNA unasogea, na kama tutakavyoona, mwanzo ndio unaochagua jeni za kuzuiwa. Orodha nzima ya walengwa hubadilika. Let-7 ina mlinzi wake: protini ya LIN28 hukamata kitangulizi chake kwenye kitanzi, na kimeng'enya kingine hukiongezea mkia wa U unaokipeleka kuharibiwa. Katika seli shina za kiinitete, nakala za let-7 zipo tele lakini let-7 iliyokomaa karibu haipo. Anayepima nakala ya kwanza na kudhani amepima mikroRNA atapotoka kabisa. Na panya waliofugwa bila jeni ya Daisa hawafiki popote. Hufa wakiwa viinitete vya takribani siku saba na nusu.

Mimea ina mikroRNA zake pia, lakini mashine yake inatofautiana. Kwa kawaida mikroRNA ya mmea hulingana na mlengwa karibu herufi zote, na Agonauti huikata mRNA katikati moja kwa moja. Kanuni zinazofuata hapa ni za wanyama.

Herufi saba

Katika herufi 22 za mikroRNA, kazi ya kumtambua mlengwa imebebwa hasa na herufi ya 2 hadi ya 8. Sehemu hii watafiti huiita mbegu. Agonauti huishikilia ikiwa imenyooshwa tayari, hivyo ndiyo inayogusa mRNA kwanza. Mbegu ikilingana, kizuizi kinaweza kufanyika hata kama herufi nyingi zinazobaki hazilingani. Isipolingana, mara nyingi hakuna kinachotokea.

Sasa fanya hesabu. Mfuatano wowote wa herufi saba hutokea kwa bahati tu mara moja katika kila herufi 16,384, yaani 4 kwa kipeo cha 7. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Tukichukua herufi elfu moja za kipande cha nyuma kwa kila jeni, tunapata herufi milioni 20. Kwa bahati pekee, mbegu moja italingana na sehemu zaidi ya 1,200. Hapo ndipo makosa mengi ya fani hii yanapoanzia: mtu huingiza jina la mikroRNA kwenye programu ya utabiri, anapewa mamia ya majina ya jeni, anachagua lile linalomvutia na kuandika kwamba limethibitishwa.

Kuna dalili zinazopunguza orodha hiyo. Sehemu iliyohifadhiwa kwa binadamu, panya, mbwa na kuku inaaminika kuliko ile iliyopo kwa binadamu peke yake. Ikizungukwa na A na U nyingi hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa RNA ya hapo haijikunji kwa nguvu. Iliyo ndani ya herufi 15 za kwanza baada ya maelekezo ya protini haifai kitu, kwa sababu ribosomu hupita juu yake na kuifagia mashine. Sehemu mbili zilizotengana kwa herufi 8 hadi 40 husaidiana na kuzuia kuliko jumla ya kila moja peke yake. Hata kwa vigezo vikali vya uhifadhi, uchambuzi wa mwaka 2009 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 60 ya jeni za protini za binadamu zina walau sehemu moja ya kushikwa na mikroRNA.

Mashine ikishashika, Agonauti humwita mshirika wake, protini ya GW182, ambaye huleta vimeng'enya vya CCR4-NOT. Hivi hula mkia wa A. mRNA bila mkia hupoteza kofia, na ikipoteza kofia, kimeng'enya cha XRN1 huitafuna kuanzia mwanzo. Wakati huo huo ribosomu mpya huzuiwa kuanza kusoma. Vipimo vya seli za mamalia vimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya upungufu wa protini inatokana na kuharibika kwa mRNA, na hii ndiyo sababu hata lin-14 ilikuja kuonekana ikipungua.

Lakini inapungua kwa kiasi gani? Mwaka 2008 makundi mawili yalipima maelfu ya protini kwa pamoja baada ya kuongeza au kuondoa mikroRNA moja, na jibu likawa lile lile: walengwa wengi hupungua kwa chini ya nusu, wengine kwa asilimia 20 au 30 tu. Ni sawa na kupunguza moto wa jiko bila kuuzima. Anayetegemea protini kutoweka kabisa atadhani jaribio lake limeshindwa, na anayeona mabadiliko ya asilimia 25 hana budi kuwa na marudio ya kutosha ili asiyachanganye na kelele za kipimo. Lin-4 na lin-14 zenyewe, zenye sehemu saba za kushikana, ni mfano wenye nguvu kuliko kawaida.

Wingi nao ni sharti. mikroRNA yenye nakala chache sana kwa seli haina matokeo yanayopimika, kwa sababu walengwa ni maelfu na mashine ni chache. Na hata iliyo nyingi, ukiiondoa peke yake, mara nyingi mnyama haonyeshi kasoro ya wazi, kwani ndugu zake wenye mbegu ile ile hushika nafasi. Familia ya let-7 kwa binadamu ina jeni zaidi ya 10.

Herufi moja inapobadilika

Kondoo wa aina ya Texel, wenye asili ya Uholanzi, wana misuli mikubwa isiyo ya kawaida. Mwaka 2006 watafiti wa Ubelgiji na wenzao walionyesha sababu: kwenye jeni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi, G moja imekuwa A. Badiliko hilo halimo kwenye maelekezo ya protini. Limo kwenye kipande cha nyuma, na limeunda kwa bahati sehemu inayolingana na mbegu ya miR-1 na miR-206, mikroRNA mbili zilizo tele kwenye misuli. Miostatini ikapungua, nyama ikaongezeka. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa kwamba kipande cha nyuma kina maana.

Upande wa pili wa jambo hilo ni badiliko kwenye mikroRNA yenyewe. Familia za Kihispania zilizopoteza usikivu polepole zilikutwa mwaka 2009 na badiliko la herufi moja kwenye mbegu ya miR-96, ambayo hufanya kazi kwenye seli za nywele za sikio la ndani. Mwaka 2002 kundi la Carlo Croce liliona kuwa kipande cha kromosomu ya 13 ambacho mara nyingi hukatika katika aina moja ya saratani ya damu, lukemia sugu ya limfosaiti, kina miR-15a na miR-16-1. Baadaye ilionekana kuwa hizo mbili huzuia BCL2, protini inayokinga seli zisife. Kizuizi kikiondoka, seli zilizopaswa kufa huendelea kuishi. Na watoto waliorithi kasoro kwenye jeni ya Daisa wana hatari ya uvimbe adimu wa mapafu na wa viungo vingine.

Malaria ina sura yake humu, na ya kushangaza. Plasmodium falciparum hana Daisa wala Agonauti, kwa hiyo hana mikroRNA zake. Chembe nyekundu za damu anamoishi, ingawa hazina kiini, zimejaa miR-451. Anthony Allison, aliyefanya kazi Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kuwa mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mwaka 2012 jaribio la maabara huko Marekani liliongeza kipande kwenye maelezo ya kinga hiyo: katika chembe zenye hemoglobini ya selimundu, miR-451 na let-7i ni nyingi zaidi, huingia ndani ya kimelea, na huko huunganishwa mwanzoni mwa mRNA za kimelea chenyewe, hivyo ribosomu zake zikakwama. Watafiti walipoongeza mikroRNA hizo kwenye chembe za kawaida, ukuaji wa kimelea ulipungua. Hii haimalizi maelezo yote ya kinga ya selimundu, ambayo yana njia nyingine pia, lakini inaonyesha mikroRNA ikifanya kazi bila mashine yake ya kawaida.

Kupima bila kujidanganya

MikroRNA hudumu vizuri kwenye plasma ya damu, kwa hiyo zinatafutwa sana kama viashiria vya magonjwa. Matokeo mengi ya namna hii yameshindwa kurudiwa, na mara nyingi chanzo ni jinsi damu ilivyochukuliwa.

Chembe nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16. Zikipasuka wakati wa kutoa damu, hata kidogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuona wekundu, mikroRNA hizo hufurika kwenye plasma, na tofauti kati ya mgonjwa na mzima inakuwa tofauti ya ustadi wa kudunga sindano. Pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, ambako hemoglobini huonekana. Kisha linganisha miR-451a na miR-23a, ambayo haibadiliki sana chembe zinapopasuka: miR-451a ikitangulia kwa mizunguko 7 au zaidi ya PCR, mbinu ya kunakili kipande kilekile tena na tena hadi kipimike, sampuli hiyo iachwe. Kuzuia damu isigande, tumia chupa za EDTA; heparini, kizuia mgando kingine, huzuia vimeng'enya vya kipimo. Zungusha damu mara mbili kwenye mashine, kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinazobaki baada ya mzunguko wa kwanza zina mikroRNA zao wenyewe.

Kutoa RNA kuna mtego wake. Safuwima za kawaida zilitengenezwa kushika RNA zenye zaidi ya herufi 200 na kuruhusu fupi zipite. Mfumo wa mikroRNA huhitaji ethanoli zaidi, kwa kawaida ujazo 1.5 wa ethanoli safi kwa ujazo 1 wa sampuli. Atakayetumia hatua za mRNA ataitupa mikroRNA yote kwenye maji ya kuoshea na kuhitimisha kwamba haipo.

Kisha urefu wenyewe. Herufi 22 zinatosha kwa praima moja tu ya PCR, yaani kipande kifupi cha DNA ambapo unakilishaji huanzia, nayo PCR huhitaji mbili. Suluhisho la kawaida ni praima yenye kitanzi, inayoshika mwisho wa mikroRNA na kuirefusha, au kimeng'enya kinachoiongezea mkia wa A kwanza. Kumbuka let-7a na let-7c zinatofautiana kwa herufi moja, kwa hiyo kila kipimo kijaribiwe dhidi ya ndugu kabla ya kuaminiwa. Kwa tishu, RNA ndogo ya U6 hutumika sana kama kipimo cha kulinganishia. Kwa plasma haitegemeki. Huko huongezwa cel-miR-39, mikroRNA ya yule mnyoo ambayo binadamu hana, na iongezwe baada ya bafa ya kuvunja protini kuwekwa. Ukiitia kwenye plasma mbichi, vimeng'enya vya damu vitaila kwa sekunde chache.

Kuthibitisha mlengwa kuna utaratibu wake. Kipande cha nyuma cha jeni inayoshukiwa huwekwa nyuma ya jeni ya lusiferasi, inayotoa mwanga, na mikroRNA huongezwa kwenye seli. Mwanga ukipungua, bado hujathibitisha kitu. Badilisha herufi mbili au tatu kwenye sehemu inayolingana na mbegu; upungufu unapaswa kutoweka. Kisha badilisha mikroRNA ili ilingane na badiliko hilo. Upungufu unapaswa kurudi. Mwisho, na hili ndilo linaloachwa mara nyingi, izuie mikroRNA ya asili ya seli na uangalie kama protini halisi inapanda. Kumimina nanomola 100 za mikroRNA bandia ndani ya seli ambazo kwa asili zina kidogo tu huijaza Agonauti, mikroRNA nyingine hukosa nafasi, na walengwa wao hupanda. Matokeo yataonekana mengi na makubwa, na sehemu kubwa yake haitokei kamwe mwilini.

Dawa

Virusi vya homa ya ini C hutumia miR-122 kwa manufaa yao: huishika mwanzoni mwa RNA yao, na huko huikinga RNA hiyo isitafunwe. Miravirsen, uzi wa herufi 15 uliotengenezwa kuifunga miR-122, ulijaribiwa kwa wagonjwa 36 na matokeo kuchapishwa mwaka 2013. Virusi vilipungua kadiri dozi ilivyopanda, na kwa wagonjwa wanne kati ya tisa wa dozi ya juu havikuonekana tena kwa muda, lakini baadaye vilirejea kwa wengi. Mwaka huo huo vidonge vipya vinavyoshambulia virusi moja kwa moja vikaingia sokoni, na njia hii ikapitwa.

MRX34, mikroRNA bandia ya familia ya miR-34 iliyokusudiwa kwa saratani, ilisimamishwa mwaka 2016 baada ya athari kali za kinga ya mwili zilizosababisha vifo vya wagonjwa wanne. Ugumu uko wazi ukikumbuka zile herufi saba. mikroRNA inayoongezwa mwilini hugusa mamia ya jeni kwa pamoja, kwenye kila seli itakayoifikia, zikiwemo seli za kinga.

Dawa zilizofaulu hutumia Agonauti ile ile lakini kwa uzi unaolingana na mlengwa mmoja kwa herufi zote, hivyo mRNA hukatwa moja kwa moja. Ya kwanza, patisiran, iliidhinishwa mwaka 2018. Inclisiran, inayoshusha kolesteroli kwa kukata mRNA ya PCSK9, protini inayoifanya kolesteroli ibaki juu kwenye damu, imefungwa na sukari za GalNAc ambazo seli za ini pekee ndizo zenye kipokezi chake kwa wingi, kwa hiyo dozi karibu yote huishia huko. Mgonjwa hudungwa miligramu 284, tena baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Muda huo mrefu unatokana na Agonauti yenyewe: uzi ukishaingia ndani yake na kuimarishwa kikemia, hudumu kwa miezi, ukikata mRNA moja na kuiachia ili kushika nyingine.